Udongo wa Kupikwa

Mwanamume akistaafu, hasara huangukia jiko. Mzee wangu aliiweka chini kalamu ya uhasibu, akapumzika kidogo akisoma magazeti, kisha akatangaza mezani kwamba nyumba hii haitanunua tena nyanya wala hoho. Tutaotesha wenyewe, kuanzia mbegu. Niliitikia kwa moyo mkunjufu. Sikuwa nimeambiwa kwamba mbegu haiendi bustanini moja kwa moja, hulelewa kwanza kwenye trei, na kwamba trei ya mbegu, kwa macho ya mhasibu mstaafu asiyetaka gharama, ni chombo chochote chenye kina cha vidole vitatu kinachokubali kutobolewa.

Alianza na chupa za maji za lita moja na nusu, akazipasua kwa urefu. Zikafuata makopo ya Blue Band, ndoo ya rangi iliyobaki tulipopaka ukuta, na trei za mayai za karatasi, ambazo mchwa walizimaliza kabla mbegu haijafikiria kuota. Zamani angetumia mifuko laini ya sokoni, lakini hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na viriba halali vya miche vinavyouzwa madukani aliviona ni anasa. Basi akaingia jikoni.

Kutoboa ni nusu ya kazi. Trei isiyo na matundu ni bwawa: maji yakituama mizizi hukosa hewa, na mche huoza ukiwa umesimama. Mzee alilielewa somo hilo kupita kiasi. Alipasha msumari kwenye mkaa, akaushika kwa koleo, akatoboa kila plastiki iliyokaa karibu naye, kwa mistari iliyonyooka ya kihasibu. Mojawapo lilikuwa sinia langu la maua, lile la wageni. Alipomaliza kulitoboa akaona kina hakitoshi, akalisuuza, akalirudisha kabatini bila neno.

Mwenyekiti wa mtaa akaja kuzungumzia michango ya takataka. Binti yangu akamletea chai. Chai ikamwagika kidogo siniani, kama inavyomwagika siku zote, na sinia likaishusha taratibu, tundu kwa tundu, juu ya suruali ya kiongozi wetu.

"Mama, hili sinia mbona linavuja?" akauliza kwa adabu.

Kabla sijafungua kinywa, mzee akamjibu toka mlangoni, tena kwa fahari, kwamba halivuji hata kidogo. Lina mfumo mzuri wa kutoa maji.

Mchanganyiko wa udongo wenyewe si siri. Mabwana shamba wameufundisha miaka nenda rudi: madebe 3 ya udongo wa juu wa msituni, 2 ya samadi iliyooza, 1 la mchanga. Udongo wa msituni unatoa mwili, samadi inatoa chakula, mchanga unafungua njia ya maji na hewa. Mzee aliyaandika haya kwenye daftari lenye safu za mapato na matumizi. Ila sisi tunakaa Tabata. Msitu wetu ni mwembe wa jirani, na chini ya mwembe huo kuna kuku wasiopenda kusumbuliwa.

Neno "iliyooza" alilipita haraka. Samadi aliipata kwa mfugaji wa mbuzi, ikiwa bado inafuka, akaipakia kwenye buti ya gari Jumamosi jioni. Jumapili tukaenda kanisani na gari hilohilo. Tulikaa benchi la nyuma kabisa, na benchi lililokuwa mbele yetu lilibaki tupu mpaka baraka ya mwisho. Nyumbani, mzunguko wa kwanza wa miche ya nyanya uliungua ncha zote. Samadi mbichi inatoa amonia, na mzizi mchanga wa nyanya hauna ngozi ya kupambana nayo. Zaidi ya hayo, mbuzi hula hata magugu. Mbegu zake humpitia tumboni, nyingine zikiwa hai. Hilo lisahau kwa sasa, tutalirudia.

Shemeji yangu, mdogo wake mzee, akajitolea kutuokoa. Alikuwa ametoka Unguja na gunia la vumbi la usumba. Kule pwani ya mashariki kina mama huyafukia makumbi ya nazi ufukweni miezi kadhaa hadi yalainike, kisha huyaponda na kusokota kamba. Vumbi linalobaki ni jepesi, linanywa maji mengi na bado linaacha nafasi ya hewa, jambo ambalo udongo wetu wa Tabata haulijui kabisa. Lakini makumbi yaliyolala baharini hurudi na bahari. Yanatakiwa kuloweshwa na kusuuzwa mara nyingi mpaka chumvi iishe. Mzee aliyasuuza mara moja, akaangalia mita ya maji, akasema inatosha. Chainizi alizosia humo zikaota zote, zikasimama, zikapauka kingo za majani, zikafa. Tulipata miche ya kachumbari iliyokwisha kutiwa chumvi.

Ndipo ukaja ugonjwa uliotuingizia udongo jikoni. Unaitwa kinyaushi. Mche unaamka vizuri asubuhi, jioni umelala chini, shingo imenywea pale inapogusana na udongo. Ni vimelea jamii ya ukungu wanaoishi ardhini na kupenda unyevu uliozidi. Mzee alisoma mahali kwamba miaka ya 1930, katika taasisi ya John Innes huko Uingereza, William Lawrence na John Newell walitengeneza mchanganyiko wa udongo wa miche uliokuja kuenea sana, na kwamba udongo wao waliupasha kwa mvuke hadi kama nyuzi 82, ukakaa katika joto hilo dakika 10, ili vimelea wafe na kilicho chema kibaki. Mzee akafunga kitabu, akachukua sufuria yangu kubwa ya pilau ya Krismasi.

Nani kawahi kusikia harufu ya udongo unaopikwa? Si mbaya kama samadi, lakini inaingia kwenye mapazia na haitoki. Kipimajoto kilichokuwepo ni kile cha homa ya watoto. Akakichomeka. Kikaandika herufi H na kuzima, na hakijaandika kitu kingine mpaka leo. Akageukia njia waliyonayo wakulima wa bustani Ulaya: unafukia kiazi kimoja katikati ya udongo, kikiiva, udongo nao umeiva. Akafukia, akafunika, akatoka kwenda kuongea na jirani.

Shemeji akaingia kwa mlango wa nyuma, ana njaa ya kutoka kazini. Akaona sufuria ya pilau, mvuke unatoka, moto mdogo. Nilimsikia akifunua. Kimya. Nikadhani ameelewa. Nilipofika namkuta amesimama na kiazi mkononi, ameshang'ata nusu.

"Shemeji," akasema, "hayo maharage yenu yameungua sana, lakini kiazi kimeiva."

Mzee aliporudi hakuuliza afya ya mdogo wake. Aliuliza kama kiazi kilikuwa kimeiva hadi katikati. Alipohakikishiwa, akaandika kwenye daftari.

Wiki hiyo mama mkwe alishuka kutoka Lushoto. Kule mboga si jambo la kustaafia. Kabeji na karoti nyingi zinazoliwa Dar es Salaam zinatoka kwenye miteremko ile. Na lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalibembeleza madirishani mwao kwa udongo maalumu wa dukani, asili yake ni milima hiyo hiyo ya Usambara na jirani zake. Kwao linaota kwenye mwamba wenye kivuli na halijawahi kuchanganyiwa kitu. Kwa hiyo mama alizunguka uani akitazama trei za mwanawe, mikono nyuma, bila haraka. Sufuria ya udongo haikumshangaza. Alisema wao hutandaza nyasi kavu juu ya kitalu na kuzichoma kabla ya kusia mbegu. Moto ni moto, hata wa Mzungu. Kilichomshangaza ni samadi.

"Mwanangu, mbegu imekuja na chakula chake ndani. Wewe unampikia nani?"

Nadhani hilo ndilo neno la maana zaidi lililosemwa uani kwetu mwaka ule wote, na mimi nilikuwa nimekwisha kuliona kwa macho. Kila hasara tuliyoipata ilitokana na wingi: samadi nyingi, maji mengi, chumvi nyingi, kina kikubwa. Mbegu ya hoho inataka kufunikwa kwa udongo wa mara mbili au tatu ya unene wake. Mzee aliizika kwa kina cha kidole. Mche haudai mbolea mpaka uwe na majani yake halisi. Kabla ya hapo unataka hewa, unyevu wa wastani, na kuachwa.

Mzee hakukubali kushindwa hivihivi. Akamwongoza mama hadi kwenye trei ya mwisho, fahari yake, ambayo haikupikwa kwa sababu gesi iliisha. Humo alikuwa amesia hoho chotara, zile mbegu zinazouzwa kwa kuhesabiwa. Miche ilikuwa imejaa, ya kijani kibichi, yenye afya. Tulikuwa tumeimwagilia kwa zamu na kuipiga picha. Mama akachuma jani, akalisugua, akalinusa.

"Huu mnavu."

Mzee akajitetea kwamba hoho na mnavu ni ukoo mmoja. Ni kweli, na nyanya na viazi pia wamo.

"Hata mimi na wewe ni ukoo mmoja," mama akamjibu, "lakini mimi najua kulima."

Ulikuwa umekuja na samadi ya mbuzi, bure, bila risiti. Mama aliuchuma jioni ile, akauunga kwa karanga, tukala na ugali, na shemeji akaongeza mara mbili. Trei iliyopikwa nayo haikutuangusha: nyanya zake tumezihamishia kwenye ndoo na zinazaa. Hoho tunanunua sokoni mpaka leo, kwa bei ya sokoni. Mnavu upo hadi kwenye nyufa za ukuta. Ukipita Tabata ukauhitaji, piga hodi uchume mwenyewe. Mzee atataka kukuuzia, usimpe hata senti.