Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kaunti Yetu

KUH: KUUNGA MKONO MAGEUZI YA USIMAMIZI WA FEDHA ZA UMMA

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta ofisini. Ikiwa uko Mombasa kwenye warsha, basi naomba isomwe baada ya chai ya saa nne.

Nimeandika kukupongeza. Tumesikia redioni kwamba kaunti imeingia tena katika mageuzi, na wataalamu watakuja kuwafunza maafisa wako kupanga bajeti. Habari njema, hasa kwa wenye hoteli. Tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, maafisa wamefunzwa mpaka basi. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kusaidia ugatuzi, kaunti zikipimwa utendaji kwanza ndipo zipate mgao. Mtu angedhani mmeshahitimu. Lakini elimu haina mwisho, wala posho.

Nasi wananchi tunashirikishwa, maana Katiba imeagiza hivyo katika kifungu cha 201. Mara ya mwisho tuliitwa ukumbini tukaonyeshwa kitabu cha bajeti, kinene, cha Kiingereza. Tukanywa soda, tukatia saini orodha ya mahudhurio. Baadaye nikaambiwa saini ile ndiyo maoni yangu.

Kwa kuwa raia mwema huiga serikali yake, nimeamua kuyatekeleza mageuzi haya kwenye kibanda changu cha sufuria. Kanjo akija asubuhi kudai ushuru wa soko, sitamkatalia. Nitamwambia deni lake limetambuliwa. Kisha nitaunda kamati ya kuhakiki, mimi mwenyekiti, shemeji yangu katibu, nayo itakwenda Naivasha kuchunguza kama soko lipo kweli. Ikithibitika lipo, deni litagawanywa mafungu mawili, linalostahili kulipwa na lisilostahili, na lile linalostahili litasubiri bajeti ya ziada. Akilalamika, nitamweleza kwa masikitiko kwamba Hazina ya Kitaifa, yaani mume wangu, haijatuma mgao.

Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 zinataka fedha za kaunti zikae Benki Kuu, isipokuwa zile ndogondogo za matumizi ya papo kwa papo. Mdhibiti wa Bajeti analalamika ripoti baada ya ripoti kwamba zimetapakaa kwenye akaunti za benki za biashara. Mimi nitafungua tatu tu: mkebe, pindo la leso na chini ya godoro. Atakayetaka kukagua aandike barua.

Nikihitaji wilibaro ya kubebea mzigo, sitagusa hizi za dukani. Mwaka 2015 kaunti ya Bungoma ilinunua 10, kila moja shilingi 109,320, na umma ukaelezwa kwamba zimeundwa kwa kitu kisicholeta saratani. Afya kwanza, Mheshimiwa.

Sasa kuna jirani yangu, fundi seremala, ambaye hajaelewa mageuzi. Kaunti ilimpa hati ya kuagiza (LPO) ya madawati ya chekechea, akakopa benki, akayaleta kwa wakati. Watoto waliokuwa wa kwanza kuyakalia wameshamaliza chekechea na kuondoka. Yeye bado anapanda ngazi za ofisi zako. Meza hii inamwambia faili iko meza ile, meza ile inamwambia mtandao wa malipo umekwama, na aliyetia saini amehamishwa. Benki haikumsubiri, lori lake limenadiwa. Nilimshauri aombe nafasi kwenye warsha, angalau ale chakula cha mchana kwa gharama ya wadeni wake.

Hayuko peke yake. Kufikia Juni 2024 kaunti zote pamoja zilikuwa na malimbikizo ya madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 180, zaidi ya nusu yakiwa ya Nairobi. Ukiniuliza, hilo si tatizo la watu wasiojua. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kanuni zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato, na kwamba ulipaji wa madeni utangulie katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Maafisa wako wanazijua kwa moyo. Hata hivyo, kuna kaunti ambazo robo nzima ya kwanza ya mwaka wa fedha hupita bila shilingi moja ya maendeleo, ilhali mishahara na safari hazikosi. Wanaojua kulipana wanajua kulipa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kabla ya warsha ijayo. Bandika sokoni orodha ya wote wanaoidai kaunti: jina, kiasi na tarehe ya kuleta mzigo. Halafu lipa kuanzia deni la zamani zaidi, bila kuruka mtu, na kila anayelipwa jina lake likatwe mbele yetu kwa kalamu nyekundu. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wala projekta. Karatasi, gundi na kalamu nitatoa mimi, na sitadai nirudishiwe, kwa sababu najua foleni ilivyo.

Wako mtiifu,
Mlipa ushuru,
Kibanda cha mwisho, kando ya choo kilichozinduliwa mara mbili na kingali na kufuli.