Mjomba na Mjusi wa Berlin

Mtu wa kwetu anayeishi Berlin ana kazi mbili: ile iliyomleta, na ile ya kuwatembeza wageni kutoka nyumbani. Hiyo ya pili haina mshahara wala likizo. Na katika wageni wote, hakuna aliyenitoa jasho kama mjomba wangu wa Lindi, aliyeshuka uwanjani na koti la kuazima na haja mbili tu: kununua zawadi na kumwona mjusi.

Jumapili asubuhi, mwenzenu keshaoga, keshavaa kanzu, anataka dukani. Nikamwambia Ujerumani Jumapili maduka hufungwa.

“Yote?”

“Karibu yote, Mjomba.”

“Hata ya Wahindi?”

Hata hayo. Akakaa kitini, akafikiri. “Sasa mtu akiishiwa sukari?”

Basi tukaenda Tempelhof, ule uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 ukaachiwa watu wapumzike, waendeshe baiskeli na kuchoma nyama. Marafiki zangu walikuwa wametualika huko. Nilimkatia Mjomba tiketi ya treni nikamwonyesha kisanduku cha kuigonga muhuri. Vituo vya Berlin havina mageti, ni wewe na dhamira yako. Nilipogeuka, yeye akaikunja akaiweka ndani ya kofia. Tiketi nzima, mpya, waichafue kwa nini? Kituo kilichofuata, kijana mmoja mwenye raba na fulana, ambaye tulidhani anasinzia, akainuka akatoa kitambulisho. Mkaguzi. Faini euro 60. Mgeni hatozwi, kwa hiyo nikalipa mimi. Mjomba akaigeuza kuwa shilingi kimoyomoyo na hakusema neno mpaka tunashuka.

Nyama choma ya Wajerumani nayo ina mambo yake. Umealikwa, ndiyo, lakini kila mtu huja na chakula chake. Soseji zilipangwa jikoni na kila moja ina mwenyewe. Mtu akienda kupiga picha, yake inaungua peke yake na hakuna wa kuigeuza. Isitoshe, zilikuwa za nguruwe. Mimi nilikuwa nimebeba kuku wa kututosha, lakini Mjomba hakungoja aive. Alishaona familia moja ya Kituruki pembeni, mkeka, birika la chai, moshi wa kondoo. Akawaendea na “Assalaamu alaykum” ya sauti ya juu. Aliporudi, alikuwa na sahani ya mbavu na mwaliko wa chakula cha jioni. Mimi, pamoja na Kijerumani changu chote, sijawahi kualikwa chakula na mtu niliyekutana naye muda huohuo.

Jumatatu ikawa zamu ya makumbusho anamokaa mjusi kufungwa. Jumanne tukafika.

Mjusi mwenyewe, yule dinosaria, nyote mnamjua kwa kusikia. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa Mjerumani, ikabebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo amesimama ukumbini, kimo cha mita 13 na ushei, na kiingilio ni cha kulipa. Hapo dirishani pakawa na kesi.

“Muulize, mtu wa Lindi ni bei gani?”

Dada wa tiketi, kwa upole kabisa, akaeleza kuwa wapo wanaopunguziwa: watoto, wanafunzi.

“Mwambie babu yangu ndiye aliyembeba huyu mnyama kichwani. Mwambie ujira wenyewe ulikuwa mdogo. Tunadaiana.”

Nilitafsiri nusu, nikalipa yote.

Ndani Mjomba alisimama chini ya ile shingo, mkono kwenye kofia, kimya. Likaja kundi la watoto wa shule na mwalimu wao. Mjomba akawaelekea, akaanza kuwaeleza kwa Kiswahili habari za mnyama wa kwao, mimi mkalimani. Mtoto mmoja akauliza kama kwetu wapo wengine walio hai.

“Wapo,” akajibu Mjomba bila kupepesa, “ila hawaonekani kirahisi.”

Mwalimu alitutazama, akawahimiza watoto wasonge mbele.

Sasa Mjomba yuko Lindi, na nasikia anatangaza barazani kwamba Berlin ni pazuri, watu wakarimu, na mpwa wake ana nafasi ya kulaza watu. Karibuni sana, ndugu zangu. Ila ndege itue Jumatatu usiku, na tiketi mnayopewa mkaigonge muhuri.