Namna ya Kudai Fidia ya Gari Lililoibwa Likiwa Tayari Limebonyea

Kwenye fomu za madai ya bima, magari yaliyoibwa hayana hata mkwaruzo. Bampa lililokuwa limefungwa kwa waya ni zima. Mlango wa nyuma uliokuwa haufunguki mpaka abiria aingilie upande wa pili, unafunguka. Rangi ni ileile ya siku gari lilipotoka bandarini. Ukizisoma fomu hizo kwa mfululizo utadhani wezi wa Dar es Salaam wanachagua kwa jicho la bibi harusi na gari lililogongwa hawaligusi.

Wanaligusa. IST yenye taa moja inaibwa sawasawa na Prado mpya, kwa sababu IST zimejaa mjini na kipuri chake hakikosi mnunuzi. Mwongozo huu ni wa mwenye gari la namna hiyo: liligongwa, likabaki na alama yake, kisha likaibwa. Ana haki ya kulipwa, nami nataka alipwe. Wengi wanaokosa malipo wanayakosa kwa sababu waliona aibu kutaja pale palipobonyea, au walidhani wakikaa kimya hakuna atakayejua.

Anza kwa kujua ulinunua nini. Bima ndogo inalipa watu na mali za watu uliowagonga. Gari lako likiibwa, bima ndogo haina la kukwambia. Wizi unalipwa na bima kubwa, na ipo pia ya katikati inayoongeza moto na wizi juu ya ile ndogo. Toa mkataba wenyewe kabatini, si stika, uusome ukurasa wa wizi. Kama hujawahi kuhakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, fanya hivyo leo wakati gari bado lipo nje. Stika ya kufoji inafanana sana na halali mpaka siku ya kudai.

Kisha polisi, siku hiyohiyo. Usizunguke kwanza mtaani siku mbili ukiuliza vijana wa kijiweni, wala usimsubiri yule jamaa aliyesema anamfahamu mtu anayewafahamu wanaohusika. Nenda kituoni, toa maelezo, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako ya polisi, halafu uiarifu kampuni ya bima kwa maandishi, si kwa kumpigia wakala peke yake. Mkataba unataka taarifa ya haraka, na saa zilizopotea ndiyo hoja ya kwanza watakayoitumia dhidi yako.

Maelezo ya pale kituoni ndiyo yatakayokufuata mpaka mwisho, kwa hiyo yatoe kwa ukamilifu. Namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mahali, muda wa mwisho ulipoliona. Halafu alama. Magari mengi ya Dar yamechorwa namba kwenye vioo vya milango, taa na vioo vya pembeni, kazi ya wale vijana wenye karatasi za kuchoreshea, ili kuwakatisha tamaa wezi wa vipuri. Sema kioo kipi kimechorwa na kipi hakijachorwa kwa sababu kilibadilishwa baada ya ajali. Na hapo hapo, mbele ya askari anayeandika, sema: bodi imebonyea kushoto nyuma, bampa lina ufa, taa ya breki moja imezibwa kwa selotepu nyekundu. Magari meupe ya aina yako yako maelfu barabarani. Lenye selotepu nyekundu kushoto ni lako. Alama hizo zinamsaidia polisi kulitambua, na zinakuwa ushahidi wa maandishi, wenye tarehe, kwamba hukuficha kitu tangu saa ya kwanza.

Baadaye anakuja mtathmini wa hasara. Watu wanamwogopa na kumwona adui. Kazi yake ni kujua gari lilikuwa katika hali gani dakika ile kabla mwizi hajaliwasha, na kwa kuwa gari halipo, anakutegemea wewe, majirani, fundi wako na simu za watu. Mazungumzo yanayoangusha dai huwa hivi:

“Mama, gari lilikuwa na tatizo lolote la bodi?”

“Hapana mwanangu. Lilikuwa zima kabisa.”

“Halijawahi kugongwa?”

“Halijawahi.”

“Samahani mama, hii picha ni ya harusi ya mwezi uliopita. Gari la pili kwenye msafara, hili lenye utepe, si lako?”

Utepe wa harusi umefungwa vizuri sana, umepita juu ya mlango, na chini yake bati limeingia ndani kiasi cha sahani. Picha iko kwenye simu ya kila aliyehudhuria. Hasara halisi ya pale mlangoni pengine ni laki nne. Lakini mikataba mingi ina kifungu kinachosema ukidai kwa udanganyifu unapoteza dai lote, na sasa mama huyu, aliyeibiwa kweli na aliyelipa ada kila mwaka, anajitetea kama mtuhumiwa. Laki nne zimehatarisha milioni kumi na kitu. Hilo linaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa jepesi: “Mlango wa kushoto ulibonyea, fundi alisema laki nne, sikuwa nazo.”

Kuna na uharibifu ambao mwenye gari mwenyewe haujui. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na kule mnadani kila gari huwa na karatasi ya ukaguzi. Ina mchoro wa gari na herufi ndogo juu yake: A kwa mkwaruzo, U kwa pale palipobonyea, W kwa palipowahi kunyooshwa. Alama ya jumla ikiwa R au RA, maana yake gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Gari hilo likifika kwetu limesafishwa, linang’aa, na muuzaji anakuapia kwamba mwenye nalo Tokyo alikuwa mwalimu mstaafu. Mtathmini mwenye bidii anaweza kuitafuta karatasi ile kwa namba ya chesisi. Itafute wewe kwanza, kabla hujajaza fomu ya maombi ya bima. Ikiwa ni R, andika R. Bima imejengwa juu ya ukweli wa anayeomba. Tangu uamuzi wa Lord Mansfield katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm mwaka 1766, mahakama za Uingereza, ambazo sheria zetu za biashara zimerithi mengi kutoka kwazo, zimeshikilia kwamba pande zote mbili zinadaiwa nia njema. Pande zote mbili. Kampuni nayo haitakiwi kupokea ada yako kimya ikijua hali ya gari, kisha ikaigundua upya siku ya kulipa.

Sasa fedha, na hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo watu wanapoliwa.

Kanuni ya fidia ni kukurudisha pale ulipokuwa. Kwa gari, maana yake kwa kawaida ni bei ya sokoni ya gari lile, na ubovu wake, saa ile kabla halijaibwa. Kiasi ulichokatia bima ni kikomo tu. Ukiwa umekatia milioni 18 na sokoni gari ni milioni 14, utalipwa kwa hesabu ya 14, ingawa ada uliilipia 18. Kila unapohuisha bima, punguza thamani ifuate soko; usimwachie wakala anakili namba ya mwaka juzi.

Tuseme gari likiwa zima ni milioni 14, na lile bonde la mlangoni na bampa ni milioni moja na nusu. Kampuni itasema thamani ni milioni 12 na nusu, kisha itoe kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe. Kama uligongesha gari ukaamua kunyamaza, au lilikuwa hivyo kabla ya bima kuanza, hesabu hiyo ni ya haki. Ikubali. Kama kampuni ilikulipa fedha za kunyoosha bodi ukazila kwa ada ya shule, hesabu bado ni ya haki, kwa kuwa ile milioni moja na nusu umeshaipokea.

Lakini kama ajali ilitokea Machi, ndani ya bima hiyohiyo, ukairipoti, ukapeleka fomu za trafiki, na dai likakaa mezani kwao mpaka gari likaibwa Juni, mambo yanabadilika. Utaambiwa: dai la Machi limekufa, maana gari la kutengenezwa halipo tena. Na utaambiwa pia: dai la Juni tunalikata milioni moja na nusu, maana gari lilikuwa limebonyea. Zisome sentensi hizo mbili kwa pamoja. Hasara moja imetumika mara mbili, na mara zote mbili kwa faida yao.

Hoja ya kwanza ina asili ya heshima. Mwaka 1810, katika kesi ya Livie dhidi ya Janson, meli ilitoka New York ikikiuka marufuku ya biashara ya Marekani, ikaharibika baharini na kukwama, na kabla haijatengenezwa ikakamatwa na maofisa wa Marekani na kutaifishwa. Kutaifishwa hakukuwa ndani ya bima, kwa hiyo mwenye bima akadai ule uharibifu wa mwanzo. Mahakama ikakataa: hasara ndogo isiyotengenezwa ilikuwa imemezwa na hasara kubwa. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya 1906 ikaliweka hilo katika kifungu cha 77: hasara ndogo ambayo haijatengenezwa ikifuatwa na hasara kamili chini ya mkataba uleule, anayedai hudai ile kamili tu.

Sawa. Lakini anayesema hasara ndogo imemezwa, basi na aiache imemezwa. Kama ile ya Machi imeingia ndani ya ile ya Juni, thamani ihesabiwe bila kutoa lile bonde, yaani milioni 14. Kama bonde linatolewa, basi dai la Machi liko hai na lilipwe lenyewe, kwa kiasi chake cha kujibebea. Iandike hoja hiyo kwa barua, kwa heshima, ukiambatisha nakala ya dai la Machi lenye muhuri wa kupokelewa. Mikataba inatofautiana na inaweza kuwa na maneno yake juu ya hili. Mwombe mwanasheria akusomee kabla ya kuridhia. Lakini bila ule muhuri wa Machi huna hata pa kusimama. Ripoti kila unapogongwa, hata kama huna mpango wa kutengeneza mwezi huo.

Mengine ni mafupi ila yanaua madai. Funguo: utaulizwa zote mbili. IST nyingi zimekuja na ufunguo mmoja; andika hilo kwenye fomu ya maombi mapema, usije kulieleza baada ya wizi. Kadi ya gari: kama bado ina jina la aliyekuuzia, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, ubadilishe umiliki. Matumizi: gari lililokatiwa bima ya binafsi huku kijana akilifanyia kazi ya teksi za mtandaoni, limetoka nje ya mkataba kila lilipobeba abiria wa kulipa. Na ukilikabidhi mwenyewe kwa mtu wa kulikodi asirudi nalo, mikataba mingi hailihesabu kuwa wizi. Soma.

Ushahidi wa hali ya gari ni wa kukusanya kabla. Piga picha pande nne kila unapohuisha bima, na pale palipobonyea upige kwa karibu, pamoja na kipimo cha kilomita. Risiti za fundi zitunze hata kama zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mwambie fundi aandike tarehe, namba ya gari, kazi iliyofanyika na namba yake ya simu. Aliyenyoosha bodi na kupiga rangi upya, akawa na risiti, hakatwi kwa ajali ya zamani kwa urahisi, kwa sababu anaweza kuonyesha kwamba iliisha.

Ukiletewa kiasi usichokikubali, omba ripoti ya mtathmini na uulize bei ya soko waliitoa wapi. Nenda yadi mbili tatu, chukua bei za magari ya mwaka na aina yako kwa maandishi, uwajibu kwa namba. Wasipobadilika, lalamika rasmi kwa kampuni, kisha TIRA, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya watu ambao hawawezi kubeba gharama za mahakama. Watu wanaiogopa safari hiyo bila sababu. Peleka bahasha yako yenye RB, picha, risiti na barua zilizogongwa mihuri.

Siku ya malipo utapewa hati ya kusaini inayosema umepokea kiasi hicho na huna dai lingine. Ukiwa bado unabishania milioni moja na nusu ya Machi, usisaini mpaka hati iseme dai hilo linaendelea. Ukishasaini utakabidhi kadi na funguo, na kuanzia hapo gari ni la kampuni. Likipatikana miezi sita baadaye Morogoro, limepakwa rangi nyingine na bampa jipya, polisi wakikupigia simu, uwapeleke kwa kampuni ya bima na uwape namba ya dai.