Jinsi ya Kusomea Uzamili wa Fiziolojia ya Mazoezi Bila Kutoka Dzaleka

Kwanza kabisa, jina la kozi lifiche. Ukisema unasomea uuguzi, kambi hii yote ya wakimbizi hapa Malawi itakuombea. Ukisema kompyuta, utaletewa simu mbovu kuanzia mtaa wa Katubza hadi wa Lisungwi. Lakini ukitamka "shahada ya uzamili ya fiziolojia ya mazoezi" mbele ya mama mkubwa anayepepeta mahindi, jiandae kuhojiwa.

"Hayo ni masomo ya nini, mwanangu?"

"Ya mwili, mama. Jinsi moyo, mapafu na misuli vinavyofanya mtu akifanya kazi nzito."

"Vinachoka," atajibu, na ungo wake utaendelea.

Usibishane naye, muhula wa kwanza ameshaumaliza. A. V. Hill wa Uingereza alipewa Tuzo ya Nobel ya 1922 kwa kuchunguza joto linalotoka kwenye msuli unaofanya kazi, na mwenzake Otto Meyerhof akagawana naye tuzo hiyo. Walichomzidi mama mkubwa ni vifaa, na muda wa kuandika.

Pili, maabara. Vyuo vya nje vitakuringia mashine za kukimbilia zenye vioo na barakoa za kupima hewa. Usitishike. Kipimo cha Harvard cha 1943 kilihitaji benchi lenye kimo cha sentimita 50 hivi, mtu apande na kushuka mara 30 kwa dakika hadi dakika tano zitimie, kisha ahesabiwe mapigo ya moyo. Benchi hilo ni matofali ya udongo, na matofali ndiyo mali tuliyo nayo. Daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, naye alitangaza kipimo chake mwaka 1968: mtu akimbie dakika 12, halafu upime ameenda umbali gani. Hapo unahitaji uwanja na simu yenye saa tu. Angalizo moja la kitaalamu: mtu mzima akionekana anakimbia kambini, watu hudhani mgao umeanza au polisi wamekuja, nao huunga mkia. Ukianza na washiriki wanne utamaliza na mia mbili, na hakuna hata mmoja atakayekuwa ametia saini fomu ya ridhaa.

Kwa kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, vitabu vinasema utoe umri kwenye 220. Hesabu nyepesi, mpaka uulize umri. Hapa utakutana na ukoo mzima uliozaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyewaandikisha alichoka. Kuna umri wa mama, kuna umri wa karatasi, na kuna umri wa kuingilia shule. Chagua mmoja, na kwenye andiko lako uuite "umri uliotajwa na mshiriki".

Kigumu zaidi ni kipimo cha Gunnar Borg, yule Msweden aliyetunga ngazi ya kuanzia 6 hadi 20 ili mtu mwenyewe aseme kazi imemlemea kiasi gani. Sita ni kama umekaa kitako, ishirini ni pumzi ya mwisho. Borg hakuwahi kumhoji Mbembe wa Fizi au Mrundi wa Rumonge. Msimamishe mama aliyetoka kisimani na dumu la lita 20 kichwani na mtoto mgongoni, umwulize amechoka kwa kiwango gani. Atakuambia, "Tunamshukuru Mungu." Jaza saba, uendelee.

Tatu, mada ya utafiti, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uhondo ulipo. Usihangaike na wanariadha. Wakimbiaji wa Iten na Eldoret wameshapimwa na Wazungu na Wakenya wenzao mpaka damu ikakaribia kuisha, tangu Bengt Saltin alipofika na vifaa vyake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wewe chukua dumu. Mwaka 1986, Mkenya G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya wakitembea na mizigo: Waluo mzigo ukiwa utosini, Wakikuyu ukining'inia mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mzigo wa hadi sehemu ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya oksijeni hata kidogo. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza sababu: akina mama hao hutembea mfano wa timazi ya saa ya ukutani, nguvu ya hatua iliyopita hairuhusiwi kupotea, inarudi kwenye hatua ijayo. Halafu mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake wakawapima wanawake wa Afrika Kusini, wakasema hawaoni nafuu yoyote.

Sasa fanya hesabu ya kwetu. Mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Dumu la lita 20 ni kilo 20, ukiacha plastiki yenyewe. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Maloiy, lita 12 za kwanza ni za bure, na nane zilizobaki anazilipia yeye. Kwa mujibu wa Lloyd, anazilipia zote. Huo ndio ubishi wa kisayansi, na unaweza kuumaliza pale kisimani asubuhi moja, kwa kuwa washiriki wamejipanga foleni wenyewe na mizigo wameleta wenyewe.

Kama maji yamekuchosha, ipo mada ya chakula. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, akawapa wastani wa kilokalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walikonda, wakawa wakali, wakaota ndoto za chakula. Leo hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kurudia jambo hilo. Kipimo cha mgao wa dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao wetu umeshapunguzwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya ufinyu wa bajeti. Bajeti haipitii kamati ya maadili. Andika sentensi hiyo kwa lugha laini zaidi, la sivyo msimamizi wako ataifuta.

Nne, safari. Kozi yako inahusu mwili unaotembea, kwa hiyo ujue sheria ya kutembea. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikatoa angalizo kwamba haifungwi na vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu na uhuru wa kwenda utakako. Machi 2023 serikali ikawaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini kabla ya tarehe 15 Aprili, wenye maduka na wasio nayo. Kambi iliyofunguliwa 1994 palipokuwa na gereza la kisiasa la enzi za Rais Kamuzu Banda, ikapangiwa watu 10,000 au 12,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Hata hivyo unaweza kwenda Kawale na Likuni wakati wowote bila kibali, mradi ziwe Kawale na Likuni za kambini. Za Lilongwe zina utaratibu wake.

Ukipata kibali, panda kabaza, yaani baiskeli ya abiria, kisha minibasi ya kwenda mjini. Kaa upande wa dirisha. Ukifika Lumbadzi utaona ndege zikishuka Uwanja wa Kamuzu, na aghalabu mna mtu anayekuja kutupima kitu. Mpungie mkono, huenda akawa mtahini wako. Mjini utaulizwa kama diploma yako ya Bukavu inalingana na ya hapa, na atakayekuuliza atakutuma dirisha la pili, ambalo litakurudisha la kwanza. Hesabu hatua zako. Hizo nazo ni data.

Tano, ada. Ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR imekuwa ikiutoa tangu 1992, ni wa shahada ya kwanza. Uzamili ni wewe na Mola wako. Masomo ya mtandaoni hayaogopwi hapa: Wajesuiti walianza kuwafundisha watu wa Dzaleka kwa intaneti mwaka 2010, na diploma zao zikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Kwa hiyo tafuta chuo kinachofundisha kwa mbali, nunua bando la usiku, na umeme ukikatika katikati ya mhadhara wa mapafu, hesabu pumzi zako mpaka urudi.

Fomu itauliza anwani yako ya kudumu. Kambi ni ya muda, imekuwa ya muda tangu 1994. Andika Dzaleka. Itauliza uzoefu wa maabara. Andika kisima. Mwisho itadai ada ya maombi kwa kadi ya benki, na hapo utampigia binamu yako aliyehamishiwa Marekani, yule anayepanga maboksi ghalani usiku kucha.

"Unasomea nini tena, mdogo wangu?"

Mwambie ukweli, yeye yuko mbali.

"Ya misuli?" Kimya kidogo. "Basi sikia, huu mgongo wangu upande wa kushoto, tangu Desemba..."

Msikilize mpaka mwisho, mfundishe zoezi moja la kunyoosha mgongo, na mwambie la pili utamtumia ada ikishaingia.