Kwa Shirika Lisilochelewa Kukata

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Shirika letu la Stima.

MINT: ADA YA KURUDISHIWA STIMA

Bwana Meneja,

Kwanza pokea pongezi zangu. Vijana wako walifika kwangu Kisauni Jumanne asubuhi, ngazi begani, wakakata stima bila kumuuliza mtu njia. Kumbe njia wanaijua! Ile nguzo iliyoulalia mwembe wa jirani niliiripoti tangu masika, na kila nikipiga simu naambiwa mafundi hawajaiona nyumba. Sasa wameiona. Laiti wangeinua macho kidogo, wangeiona na nguzo.

Kosa langu, nimeambiwa, ni kuchelewa kulipa. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Mimi nililipa kwa simu Ijumaa iliyotangulia, na ujumbe wa kuthibitisha ninao, una saa na dakika. Binti wa kaunta aliusoma, akakubali kuwa ni wa kweli, kisha akanieleza kwa upole kwamba pesa zilitoka kwangu Ijumaa lakini kwenu zilionekana Jumatano. Mfumo ulikuwa na hitilafu. Basi nilipe kwanza ada ya kurudishiwa, malalamiko yatafuata.

Hapo ndipo nilipostaajabu, maana sijapata kuona mfumo wenye masikio makali kama wenu. Hebu ishike bili yangu uisome. Mna gharama ya mafuta yanayochomwa kwenye mitambo. Mna marekebisho ya fedha za kigeni: shilingi ikiteleza mbele ya dola, mimi ambaye dola sijawahi kuishika nachangia kuiinua. Mna marekebisho ya mfumko wa bei. Mna tozo ya maji, kwa sababu mabwawa ya Mto Tana, tangu Masinga hadi Kiambere, yanazungusha mitambo kwa maji ya umma. Mna asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, na VAT ya asilimia 16. Mfumo unaojua dola imeamkaje na Tana imetoa nini, vipi usijue kwamba mtu wa Kisauni amelipa Ijumaa?

Tena bili yenyewe ni ya makadirio, imeandikwa hivyo waziwazi. Msomaji mita hakuja, ofisi ikakisia, nami nikalipa kisio lenu bila kupunguza senti. Natamani mwezi mmoja nami nikae barazani, nikumbuke taa niliwasha mara ngapi, niwatumie ninachoona kinatosha. Sidhani yule kijana mwenye ngazi angenielewa.

Halafu kuna amana. Siku ya kuunganishiwa mliichukua, mjikinge na wateja wasiolipa, na hadi leo mmeikalia. Mtu ambaye dhamana yake mnayo mkononi, mmeshindwa kumsubiri hata siku mbili. Friza ya mke wangu ilikuwa imejaa nguru wa biashara. Hadi Alhamisi mliporudisha stima, mtaa mzima ulikuwa umekula samaki wa bure, na wengine wanauliza mtakata tena lini.

Ombi langu ni fupi. Ada mliyonitoza irudi kwenye simu yangu. Msinifichie kwenye bili ya mwezi ujao, ambapo itamezwa na makadirio mengine. Nguru tutazungumza baadaye. Nakala ya barua hii, pamoja na ule ujumbe wa Ijumaa, naipeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo Sheria ya Kawi ya 2019 iliiweka, pamoja na kazi nyingine, isikilize magomvi kama haya.

Nawapa siku kumi na nne za kunijibu. Ila fahamuni kwamba nimeupenda utaratibu wenu na nimeuchukua: jibu lenu halitahesabiwa siku mtakapolituma. Litahesabiwa siku litakapoonekana kwangu, na miwani yangu nayo huwa na hitilafu.

Mteja wenu,
mwenye risiti.