Jina la Mdaiwa

Mwishoni mwa Agosti 2023 ukuta wa nyumba ya mama mkwe ulifika kwenye lenta. Tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule. Pamba ilikuwa imeshauzwa, na hapa kijijini Migato mtu hujenga wakati huo au hajengi kabisa. Kuanzia Mei tunavuna, AMCOS, chama chetu cha ushirika, inapima, pesa inaingia, halafu kabla mvua hazijakolea una miezi michache tu ya kugeuza pamba kuwa bati. Ukichelewa, pesa hiyo hiyo inageuka ada, dawa na michango ya misiba. Kwa hiyo fundi aliposema kwamba Bariadi bati zinapanda bei kila wiki, na kwamba yuko muuza duka anayemfahamu vizuri, tulimwamini.

Alikuwa amekaa kwetu wiki saba. Alilala stoo, alikula michembe ya viazi pamoja na sisi, alimwita mama mkwe Mayu, yaani mama, na mimi akaniita shemeji. Mwanangu ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kunywa. Na kazi yake ilikuwa safi, lazima niseme: kona za nyumba ile zimenyooka mpaka leo.

Jumapili tarehe 3 Septemba tuliandikiana kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Bati 48 za geji 30 kwa 28,000 kila moja, shilingi 1,344,000. Mbao za kupaulia, 410,000. Misumari na kofia, 96,000. Jumla 1,850,000. Akatia sahihi kwa mwandiko wa kukimbia ambao hatukuuangalia. Baba watoto akampa 350,000 mkononi, zilizobaki wakaenda kuzituma kwa wakala. Wakala akasoma jina lililotokea kwenye simu na kuuliza kama ni sahihi, maana lilikuwa la mwanamke. Fundi akajibu ni mke wake, yeye kitambulisho chake cha NIDA hakijatoka. Nani angeshangaa? Tunao ndugu wengi waliosubiri kitambulisho hicho miaka. Akapanda bodaboda kuelekea Lagangabilili.

Jumatatu alipokea simu, yuko dukani. Jumanne gari la mzigo limeharibika. Jumatano hapatikani. Mpaka leo hapatikani.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema tuite Sungusungu, walinzi wa jadi. Yeye alikuwa mama mwenye watoto wadogo walipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Bariadi ingali ndani ya mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Anasimulia namna yowe la mwano lilivyopigwa usiku, kijiji hiki kikaitikia kwa kijiji kile, wanaume wakafuata nyayo za ng'ombe walioibwa mpaka boma walikoingizwa. Na safari hii Sungusungu walikuja kweli, wazee wanne na vijana wawili, wakakaa chini ya mti wakatusikiliza kwa heshima kubwa. Mkubwa wao akauliza maswali matatu: Ni wa ukoo gani? Katoka kijiji gani? Nani alimleta kwenu? La tatu tu ndilo tulilokuwa na jibu lake. Alikuja mwenyewe, alisikia tunatafuta fundi. Mzee yule akanyamaza kitambo, kisha akasema ng'ombe huacha nyayo, lakini mtu akishafika kwenye lami ya Lamadi hana nyayo tena.

Polisi tulipewa RB, namba ya taarifa yetu. Askari alituuliza vizuri tu kama hili ni deni au ni wizi, kwa sababu mtu aliyeshindwa kumaliza kazi anadaiwa, na mtu aliyechukua pesa akijua hana nia ya kununua bati anashtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kwangu mimi ni la pili, na siku zote nitasema hivyo: mtu mwenye nia ya kurudi hazimi simu siku ya tatu. Jibu kuhusu ile namba ya simu iliyopokea pesa lilikuja baada ya wiki kadhaa. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa, na sisi tuliona hiyo ndiyo kinga yetu. Laini ilikuwa imesajiliwa kihalali, kwa kidole cha bibi mmoja wa mkoa mwingine. Bibi alieleza kwamba kijana wa kusajili laini, aliyekaa chini ya mwavuli sokoni, alimwambia kidole hakijasoma, abonyeze tena. Akabonyeza tena. Hakuwa na mume fundi wala hakuwahi kuiona pesa yetu. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

Tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Nataka niiseme sawasawa, kwa sababu watu wengi hapa wanaiogopa bure. Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linasikilizwa pale, kwa Kiswahili, na mtu anajieleza mwenyewe. Hatukuhitaji wakili. Karani alichukua ile karatasi ya daftari, akaisoma mpaka mwisho, akasema inatosha kuanzia. Akashika kalamu.

"Jina la mdaiwa?"

Baba watoto akanitazama. Kwa wiki saba tulimwita Fundi. Mama mkwe alimwita Fundi, mtoto alimwita Mjomba Fundi, majirani waliopita kumsalimia walisema Mwangaluka, Fundi. Lipo jina moja alilowahi kulitaja siku ya kwanza, na hilo si lililo kwenye sahihi, na la kwenye sahihi si lililotokea kwa wakala.

"Makazi ya mdaiwa?"

Karani alitueleza pole pole, bila kutudharau. Wito lazima umfikie mtu. Asipoonekana, mahakama inaweza kuagiza ubandikwe mahali alipoishi mara ya mwisho, kisha shauri likasikilizwa upande mmoja. Akauliza mara ya mwisho aliishi wapi. Nikajibu: stoo kwetu. Yaani samansi ya mtu aliyetuibia ingebandikwa kwenye mlango wangu mimi. Na hata tukipata hukumu, alisema, siku ya kuikazia mtatuonyesha mali gani tukamate? Tukarudi nyumbani na karatasi yetu.

Kitu kimoja alikiacha: pima maji. Ya aluminiamu, imekwanguka, kioo cha katikati kina ufa lakini povu lake bado linacheza, na nyuma zimechorwa kwa msumari herufi mbili. Mama mkwe aliiweka chini ya kitanda chake akakataa isiuzwe. Mwezi wa Februari baba watoto akaichukua, akazunguka nayo Bariadi kwa mafundi, mtaa kwa mtaa, siku mbili. Siku ya pili fundi mmoja mtu mzima akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya zile herufi. Zilikuwa zake. Aliiazimisha kwa kijana aliyekuwa msaidizi wake, pamoja na msumeno na nyundo mbili, na hakumwona tena. Jina alilolijua yeye lilikuwa la nne.

Mzee yule alikuja Migato wiki iliyofuata. Aliweka pima maji yake juu ya lenta, akatazama povu, akatikisa kichwa. "Nilimfundisha vizuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Kabla hajapanda ngazi, mwenyekiti wa kitongoji alimwandika kwenye daftari: jina, ukoo, kijiji alikozaliwa, namba ya kitambulisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka aandikwe. Tulinunua bati kidogo kidogo kadiri pesa ya pamba ya msimu mwingine ilivyoruhusu, na amezipiga kwenye vyumba viwili. Sebule bado inaangalia mbingu, na ukuta wake wa magharibi umelika kwa mvua.

Ile karatasi ya daftari tumeitia kwenye nailoni, iko ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, kwa hiyo mlango wetu haufungwi mpaka Septemba 2029. Nilipomsomea mama mkwe tarehe hiyo, aliuliza mjukuu wake atakuwa darasa la ngapi. Nikamwambia atakuwa ameshakua. Akasema basi atakuwa na umri wa kuikumbuka sura ya fundi yule, tusiache kumuuliza.