Tinti ya Jumapili

Kuna mabwana hapa Kware ambao fundi akiwatajia bei ya tinti ya vioo vya gari hukasirika kana kwamba wameshaibiwa. Basi Jumapili utamkuta mmoja kaegesha Probox chini ya ploti, chupa ya maji ya sabuni mkononi, mashine ya kukaushia nywele ya mkewe ikining'inia kwa waya kutoka dirishani. Juu, nguo zilizoanikwa zinadondosha maji. Kando, matatu inapita na vumbi lake.

Kazi yenyewe si uchawi: osha kioo kwa ndani, kilowanishe, bandua plastiki inayofunika gundi ya tinti, ilaze, sukuma maji nje kwa mpira. Ila gundi haibagui. Chembe ya vumbi la Kware ikishaingia humo imepata makao ya kudumu, tena bila kodi wala kelele za keateka. Kioo cha nyuma nacho kimepinda, tinti haijapinda. Hapo ndipo joto la mashine linapohitajika, na hapo ndipo stima hupotea.

Kufikia jioni kioo kina malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya. Mwenyewe anasema yataisha yakikauka. (Ya maji, ndiyo. Ya hewa na vumbi, pole.)

Usiku anarudisha gari nyuma kichwa kikiwa nje ya dirisha, aliyetaka asionekane sasa akielekezwa na ploti nzima: "Kata kulia, baba Brayo! Kulia!"

Jumatatu yuko kwa fundi, anayemtoza mara mbili: ya kubandua, halafu ya kubandika.